Wigi la Kipara

Wanafunzi walimwita mwalimu wao wa biolojia Dungusi, na yeye alijua. Siku aliyolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, likinong'onwa nyuma ya dirisha la maabara, aliwatoa nje darasa zima, akawasimamisha mbele ya dungusi lenyewe lililoota kwenye bustani ya shule, akawaambia kwamba kama wanataka kumtukana basi wamtukane kwa usahihi. Dungusi, alisema, halina majani kwa sababu jani ni anasa. Kila jani lina vitundu, na kila kitundu ni mlango wa maji kutorokea. Kwa hiyo dungusi lilifuta anasa hiyo, likabaki na miiba, kazi ya kutengeneza chakula likalikabidhi shina, shina likalijaza maji na kulipaka nta, na vile vitundu vichache lilivyobaki navyo likavifunga mchana kutwa, halivifungui mpaka jua lizame. Anayetaka kulinyang'anya maji yake anachomwa.

"Sasa nionyesheni hapo tusi liko wapi," aliwaambia.

Jina likabaki, na ukweli ni kwamba alilipenda.

Hasira hakuipata ukubwani, alizaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, na katika chumba chao cha kupanga maji yalikuwa na ratiba. Yaliyooshea mchele yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yalipiga deki, na yaliyopiga deki yalimwagwa mlangoni kutuliza vumbi. Maji ya nyumba ile yalifanya kazi kuliko baba yake. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na jumba la ofisi ambalo nyasi zake zilinyunyiziwa maji asubuhi na jioni, hata siku ya mvua, na kinyunyizio chenyewe kilikuwa kimeelekezwa vibaya, nusu ya maji yanamwagikia lami. Binti yao alipita pale kila siku na ndoo tupu kichwani akielekea bombani, akaitazama lami iliyokunywa ikashiba, na kitu fulani kifuani mwake kikajikunja. Hakijawahi kujikunjua.

Alisoma, akawa mwalimu wa biolojia, akapangiwa shule ya bweni ya wasichana juu ya kilima kikavu ambako maji yaliletwa na boza, lori la tangi. Boza likija, wasichana walioga. Boza likiharibika, wasichana walijipaka mafuta mazuri wakamwachia Mungu. Mbele ya jengo la utawala palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu ambao kila mkuu wa shule aliyepita alijaribu kuoteshea maua, na maua yakafa yote kwa foleni. Dungusi aliuomba uwanja huo. Akawatuma wanafunzi wakitoka likizo kila mmoja arudi na mmea ambao hajawahi kuona mtu akiumwagilia. Wakaja na mishubiri ya kando ya reli, mikonge ya mipakani mwa mashamba, minyaa iliyokatwa kwenye ua wa makaburi, na madungusi yaliyofungwa kwenye magazeti kama nyama ya buchani. Vyote vikashika.

Katikati ya bustani palikuwa na mti uliokuwapo kabla ya shule. Mnene chini, mwembamba juu, gome linabanduka kama karatasi. Mvua ikikata tu, kabla miti mingine haijashtuka, wenyewe ulikuwa umeshadondosha majani yote na kubaki mifupa mitupu hadi msimu mwingine. Wanafunzi waliuita Kipara. Dungusi aliutumia mti huo kufundishia kuliko kitabu chochote, na alikuwa na namna moja tu ya kuueleza, kwa sauti ya mtu anayegombana na jirani: kwamba Kipara hajafa, amekataa matumizi. Amefunga duka. Maji kayaweka shinani, na chini ya lile gome la karatasi kuna ngozi ya kijani inayoendelea na kazi kimyakimya bila jani hata moja. Aliwafundisha kukwangua kidogo kwa ukucha waone kijani hicho. Vizazi vya wasichana vilipita pale vikikwangua, hadi shina likawa na alama kama ukuta wa mahabusu.

Basi, shule ilikuwa imeomba bomba tangu enzi za kale. Idara ya Maji ilikuwa ikijibu kwamba ombi linafanyiwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa haionekani kwa macho. Halafu siku moja ikaja habari kwamba bosi wa Idara mwenyewe atakuja kama mgeni rasmi. Bomba lilikuwa moja na shule zilizolitaka zilikuwa nyingi, hivyo angezunguka aone kwa macho yake ni wapi hasa pakavu, na hapo papewe.

Dungusi aliposikia alifurahi, jambo lililowatia walimu wenzake hofu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ziara za wageni, alisema, hakuna cha kuandaa. Tusifagie hata. Aje akanyage vumbi, anywe vumbi, aende msalani akute ndoo tupu, atoke pale analia.

Mkuu wa shule aliitisha kikao. Alikuwa si mtu mbaya. Alikuwa mbaya kuliko hivyo, alikuwa mtu nadhifu. Alitembea na leso mbili, moja ya jasho na moja ya viatu, na aliamini kwamba mgeni akiiona shule chafu ameiona nafsi yake ikiwa uchi. Akatangaza kwamba mawe yote yapakwe chokaa, njia zinyunyiziwe maji, madirisha yang'arishwe, na bustani ya mbele ifanywe ipendeze.

"Mkuu," akasema Dungusi, "mgeni anakuja kuangalia ukame."

"Mgeni anakuja kuangalia shule yangu, Mwalimu."

"Kwa hiyo mgonjwa akienda hospitali ajipodoe kwanza, daktari asije akaona homa?"

Wengine waliinamisha vichwa wakacheka na meza. Mkuu alitoa leso ya jasho. Makamu wake, mtu mwenye shingo laini iliyoumbwa kwa ajili ya kuitikia, aliitikia mara kadhaa ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Mkuu akasema mgeni hapokelewi kwa sura ya njaa, na kwamba mtu anayejiheshimu huomba akiwa amevaa vizuri. Kisha akageukia dirisha, akaunyooshea Kipara kidole. Ule mti uliokufa, alisema, ukatwe. Hawezi kumketisha mheshimiwa mbele ya maiti.

Dungusi alitoka, akarudi na kipande cha gome lenye kijani chini yake, akakiweka juu ya meza ya kikao. Aliongea mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mkuu alikitazama kile kipande, akakisogeza kwa ncha ya kalamu, akasema anaamini kabisa kwamba mti uko hai, yeye pia amesoma, lakini mgeni hatakuja na ukucha. Mgeni atakuja na macho, na macho yataona kuni.

Hapo ndipo Makamu alipofungua mdomo na kuzaa lile wazo. Shemeji yake anapamba kumbi za harusi. Ana majani ya plastiki, mazuri mno, nyuki wamewahi kudanganyika. Kwa nini mti ukatwe wakati unaweza kuvishwa?

Kikao kikafurahi. Mkuu akamtazama Dungusi kama mtu aliyetoa sadaka kubwa: shoka au plastiki, mwalimu achague. Na Dungusi, ambaye hakuwahi kushindwa ubishi shuleni pale, alichagua plastiki. Alijitetea moyoni kwamba waya hufunguliwa lakini shoka halina kurudi. Bado alitoka kikaoni akiwa amejikasirikia, na hasira ya kujikasirikia ndiyo mbaya kuliko zote, maana huna pa kuiangushia.

Siku ya maandalizi boza lilikuja, na bwenini wasichana wakapanga ndoo. Ndoo hazikujazwa. Maji yalielekezwa mbele, yakamwagwa kwenye njia, kwenye udongo mwekundu, juu ya mawe yenye chokaa, mpaka uwanja ukanukia kama baada ya mvua. Matroni akawaambia wasichana wajifute kwa kitambaa chenye unyevu, na wale wenye bahati wawaazime wenzao kitambaa. Makamu, aliyekuwa amevaa kofia ya majani kama mtalii, alikuwa amegundua kwamba mishubiri na mikonge ina unga mweupe kwenye majani, akadhani ni vumbi. Akawapa wasichana vitambaa na mafuta ya kupikia, wafute jani moja moja mpaka ling'ae.

Dungusi alikuwa juu ya ngazi akimfungia Kipara majani ya plastiki, na aliposhuka na kuona, kazi ilikuwa imekwisha. Alimwambia Makamu kwamba ule unga ni nta, na nta ndiyo paa la mmea, ndiyo koti lake, ndiyo kitu pekee kinachozuia jua lisiunyonye maji mpaka ukauke. Ameivua mimea nguo halafu akaipaka mafuta, sasa jua la mchana litaikaanga.

"Lakini si wanang'aa, Mwalimu," akasema Makamu. Akasema kwa upole kabisa. Alimaanisha.

Dungusi alirudi juu ya ngazi kwa sababu kama asingefunga yale majani yeye, angepanda mwingine na kuvunja matawi. Shemeji wa Makamu alikuwa ameleta alichobakiwa nacho, kwa hiyo Kipara alipata majani ya mzabibu upande wa kushoto, ya kitu kama mwembe upande wa kulia, na tawi moja likachanua mawaridi meupe ambayo Makamu alishindwa kuyaacha. Dungusi alikaza waya mmoja baada ya mwingine huku akitukana taratibu, tusi moja kwa kila jani, kama mtu anayesali.

Jioni alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole aliyeishi na hasira ya mke wake kama watu wanavyoishi jirani na kiwanda, mngurumo alishauzoea. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akasema, "Mama watoto, hasira yako ingekuwa maji, shule yenu isingehitaji bomba." Mkewe hakucheka. Fundi akaokota pini zake, akaanza kukunja pindo la suruali, halafu akauliza bila kuinua uso:

"Na mgeni akiuamini huo mti?"

"Vipi akiuamini?"

"Kaja kutafuta pakavu. Mmemwekea mti wa kijani mlangoni."

Dungusi alikaa kitako juu ya kigoda. Alikuwa ameshughulika sana kumwokoa Kipara na shoka hata hakuona alichokuwa anafanya. Mgeni akiuamini ule mti, bomba litaenda shule nyingine, na wasichana wataendelea kuoga kwa kitambaa hadi wahitimu. Na ni yeye aliyefunga waya, na akiufungua shoka linangoja.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa, mwenye jasho jingi na feni ndogo ya mkononi iliyolia kama nzi. Aliketishwa kwenye meza kuu chini ya turubai, Kipara yuko nyuma yake hatua chache, kavaa wigi lake. Wazazi walikaa kulia juani. Wasichana walisimama nyuma, safi kadiri kitambaa kinavyoweza kumsafisha mtu. Mkuu alisoma risala ndefu kuhusu shida ya maji, na kila alipotamka neno "ukame" alilifuta jasho la aibu kwa leso, kana kwamba anaomba radhi kwa kutaja jambo kama hilo mbele za watu.

Mgeni akasimama kujibu. Akasema ametembea shule nyingi wiki ile. Ameona sehemu ambazo hata mbuzi wamehama. Hapa, kusema kweli, alipofika alishangaa. Hewa inanukia mvua. Mimea inang'aa. Akageuka, akaunyooshea mkono Kipara. Akasema mti huu umemfundisha jambo, na anataka uwafundishe wazazi pia. Mti huu hauna bomba. Haujaandika barua kwa Idara. Haulalamiki. Na tazameni ulivyo wa kijani. Watu wenye moyo wa kujituma kama mti huu hawahitaji kubebwa, na Idara italazimika kuwafikiria kwanza wenzao walio kwenye hali ngumu zaidi.

Makofi yakaanza kwa sababu makofi siku kama hizo huanza yenyewe. Makamu aliitikia kwa shingo. Mkuu, na hili ndilo ambalo Dungusi hajamsamehe hadi leo, alitabasamu. Alikuwa amesifiwa unadhifu. Bomba lilikuwa linaondoka mbele ya macho yake na yeye amesifiwa unadhifu.

Dungusi alivua viatu. Alitembea pekupeku hadi meza kuu, akavuta kiti cha Makamu, Makamu akiwa bado amekikalia nusu, akapanda juu yake na kukamata tawi. Jani alilolivuta halikutoka peke yake, lilitoka na waya na waridi jeupe juu. Akaliweka mbele ya mgeni, karibu na chupa yake ya maji.

"Mheshimiwa, naomba ulikunje."

Mgeni alilikunja, maana mtu akipewa kitu mbele ya umati hukifanyia anachoambiwa. Alipoliachia, jani lilijinyoosha lenyewe, tii, likakaa kama lilivyokuwa.

"Hayo ni majani ya harusi," Dungusi akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Ya kwake aliyadondosha mwenyewe maji yalipokwisha, ili asife. Huyu ana akili kuliko sisi. Yeye akikosa, anaonyesha amekosa. Sisi tumemvisha wigi, tukachukua maji ya kuoga ya hawa mabinti tukamwaga hapo unapokanyaga, ili wewe usione shida uliyokuja kuiona."

Mama mmoja upande wa wazazi akapiga paja lake na kuangua kicheko, na kicheko kikasambaa juani hadi kwa wasichana. Mkuu alikuwa ameshika leso zote mbili. Mgeni alilitazama jani, akaligeuza upande wa chini, akalisugua. Akainama kwa Makamu na kumnong'oneza, na Dungusi aliyekuwa bado juu ya kiti alisikia kila neno: alikuwa akiuliza duka la majani hayo liko wapi, na kama wanayo marefu zaidi, maana hata pale mlangoni kwa Idara ya Maji miti imekuwa ikimtia aibu.

Lakini mgeni hakufika alipofika kwa ujinga. Alijua kicheko kile kikienda naye barabarani kitafika ofisini kabla yake. Akachukua kipaza sauti, akasema ameguswa. Ameguswa na mwalimu huyu shupavu na mapenzi yake kwa mti. Kwa hiyo anatamka mbele ya wote kwamba bomba litakuja hapa, hapa hapa, miguuni pa mti huu, ili usivue majani yake tena kwa kiu. Safari hii makofi yalikuwa ya kweli. Wasichana walirukaruka. Dungusi alishuka kwenye kiti akatafuta viatu vyake, na kwa siku kadhaa watu walimpongeza, naye, aibu iliyoje, akakubali pongezi.

Mafundi walikuja wakachimba mtaro kutoka barabarani, ukapanda kilima, ukaingia getini, ukafika kwa Kipara, ukakoma. Wakafunga bomba, wakafunga na kinyunyizio cha kuzunguka, wakaweka kibao chenye jina la mgeni, wakaanza kukusanya sururu. Dungusi alimfuata msimamizi wao kumwuliza mtaro wa kwenda bwenini unaanzia wapi. Msimamizi alimwonyesha mchoro. Mchoro ulikuwa na barabara, kilima na mti.

Mkuu alisema hiyo ni awamu ya kwanza. Dungusi aliuliza awamu ya pili ni lini, Mkuu akasema mambo mazuri hayana haraka, akafunga koki kwa kufuli ili wasichana wasije wakakanyaga bustani na ndoo zao. Ufunguo akampa Makamu. Kila asubuhi Makamu alifungua, kinyunyizio kikazunguka kwa madaha, na maji matamu ya bomba yakanyeshea viumbe pekee katika kilima kizima ambavyo havikuwa na haja nayo. Nyuma ya jengo, bwenini, wasichana waliendelea kusubiri boza.

Mimea ile ilikuwa imejifunza kila hila ya kuishi bila maji. Haikuwa na hila yoyote ya kuishi nayo. Mishubiri, iliyokwisha kuvuliwa nta, ilianza kulainika shingoni na kuanguka chali, kahawia, ikinuka. Madungusi yalikunywa kwa sababu hayajui kukataa, yakavimba, yakapasuka ubavuni. Kipara ndiye aliyemuumiza zaidi. Alidanganyika. Alidhani ni masika, akatoa majani madogo ya kijani hafifu, kisha gome la chini likaanza kutoa utomvu mweusi, na ukimbonyeza kwa kidole, pale ambapo vizazi vya wasichana vilikwangua, kidole kiliingia.

Dungusi alikwenda ofisini. Hakukaa. Alimwambia Mkuu kwamba bustani inazama na mabinti wananuka, na dawa ya yote mawili ni moja, maji yapelekwe nyuma. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mstaarabu. Akakunja leso.

"Mwalimu, maji haya yalitolewa kwa ajili ya mti. Nikiyahamisha, nimemdanganya mheshimiwa." Akaipanga leso juu ya meza. "Na aliyeuombea mti ni wewe. Ulipanda kitini mbele ya watu wote."

Dungusi alimtazama, akaona wazi kabisa kwamba mtu huyu hatanii, kwamba anaamini moja kwa moja kila alichosema, na kwamba unaweza kumpa ukweli umekwanguliwa hadi kijani naye atausogeza kwa ncha ya kalamu. Akatoka bila kufunga mlango.

Kesho yake alikuja shuleni na mumewe, na mumewe alikuja na baiskeli iliyobeba mpira wa maji ulioviringishwa mithili ya chatu. Walikuwa wameazima vipande kwa kila mwenye gari na kila mwenye bustani mtaani kwao, na fundi alikuwa ameviunganisha jana yake kwa nyuzi za kushonea mahema na vipande vya tyubu. Makamu alikuwa ameshafungua kufuli, na kinyunyizio kinazunguka. Dungusi aliingia mzimamzima kwenye ile mvua ya bandia, akalowa chapachapa, akashika kichwa cha kinyunyizio na kukizungusha kinyume mpaka kikang'oka mkononi mwake. Makamu aliuliza anafanya nini. Alimkabidhi kichwa cha kinyunyizio akishike, naye akakishika huku Dungusi na mumewe wakichomeka mpira palipobaki wazi.

Tatizo lilikuwa jengo la utawala. Lilikuwa limelala kati ya bustani na bweni, refu toka ukuta hadi ukuta, na mpira wa kulizunguka usingetosha hata wangeazima mtaa wa pili. Njia fupi ilikuwa moja, na ilikuwa na pazia. Dungusi aliingiza ncha ya mpira kwenye dirisha la mbele la ofisi ya Mkuu, akazunguka ndani kupitia mlangoni, akaiokota sakafuni na kuanza kuivuta kuelekea dirisha la nyuma. Maji yalimchuruzika nguoni juu ya zulia.

Mkuu alikuwa mezani. Alitazama mpira ukipita chini ya meza yake, kati ya viatu vyake viwili vilivyong'aa, ukiendelea kuja, na kuja.

"Mwalimu," akasema, "unapitisha mpira ofisini kwangu."

"Ndiyo, Mkuu. Inua miguu."

Alitaja utaratibu. Alitaja uhamisho, na Idara, na mheshimiwa. Dungusi alikuwa ameshafika dirisha la nyuma, amelisukuma kwa kiwiko, anamrushia mumewe, aliyekuwa akisubiri huko nje, ncha ya mpira. Mkuu aliinuka nusu, akaweka mguu mmoja juu ya mpira kana kwamba anataka kuukanyaga. Mahali pale palikuwa na kimojawapo cha viungo vya tyubu. Maji yaliruka mstari mwembamba hadi kifuani pake. Akatoa leso ya jasho, haikutosha. Akatoa na ya viatu.

Kule nyuma pipa la kwanza lilianza kutoa ule mlio wa bati tupu linalopigwa na maji, halafu mlio ukazama ukawa mzito. Matroni alikuwa anaita majina ya mabweni kwa zamu, na ndoo zilikuwa zikigongana. Dungusi alirudi ndani akasimama katikati ya ofisi, maji yakimdondoka kwenye ncha za vidole, akamtazama Mkuu moja kwa moja na hakusema kitu, kwa sababu angesema angemtukana, na akimtukana angelazimika kutoka, na alikuwa hatoki mpaka mapipa yote yajae.

Mkuu akaketi, na baada ya kuutazama mpira ulivyokuwa ukitetemeka sakafuni, akainua miguu yake miwili akaiweka juu ya kiti cha wageni.